Wanaoelekea magharibi Agosti wapange safari kwa saa za mvua

Mhariri,

Agosti ya Nairobi ni baridi, mawingu ya kijivu na manyunyu yasiyolowesha hata shati. Mkazi wa Nairobi akichungulia dirishani hudhani nchi nzima iko hivyo, basi hupakia watoto na masweta garini, akashika njia ya magharibi bila hata mwavuli. Kumbe huko msimu wa mvua haujaisha. Kitale na Eldoret hupata mvua nyingi mno Julai na Agosti, na mahindi ya Trans Nzoia huwa yangali mabichi shambani yakisubiri mavuno ya Oktoba kwenda mbele. Zile picha za mbingu buluu juu ya mashamba ya chai zinazopamba kurasa za likizo magazetini, hili likiwemo, nyingi zina mwanga wa Januari. Si vibaya kuzichapa. Ila msomaji hupewa picha na bei ya chumba tu, haambiwi mvua hunyesha saa ngapi wala mteremko uko wapi. Naomba nafasi niyajaze hayo mawili.

Mvua ya ukanda huo ina ratiba yake. Asubuhi kwa kawaida huwa kweupe. Jua likipanda na ardhi ikipata joto, upepo wa Ziwa Victoria huanza kupanda kuelekea miinuko ya Nandi na Kericho, na ukikutana huko juu na upepo utokao mashariki, mawingu hurundikana. Saa nane mchana yameshakuwa meusi. Saa tisa au saa kumi yanamwaga, mara kwa mara pamoja na mvua ya mawe, ambayo wakulima wa chai wanaijua hasara yake. Kando ya ziwa lenyewe huweza kuchelewa hadi jioni au usiku. Kwa hiyo anayetaka kuona kile alichokilipia huondoka Nairobi saa kumi na moja alfajiri, siku nyingine saa moja asubuhi, na ifikapo saa nane au saa tisa alasiri gari limeegeshwa na watoto wanakunywa chai. Kilomita 250 kwa siku zinatosha. Wapo wanaokwenda Nairobi hadi Kakamega kwa siku moja, nao hufika gizani, kwenye mvua, wakiwa hawajaona chochote ila taa za nyuma za malori.

Mzunguko unaofaa familia yenye gari dogo ni wa siku sita, karibu kilomita 950, karibu wote lami. Siku ya kwanza ni Nairobi, Naivasha, Nakuru, Mau Summit hadi Kericho, yapata kilomita 265. Pamoja na vituo ni mwendo wa saa sita hivi. Siku ya pili ni kilomita 80 na ushei tu kuteremka hadi Kisumu. Ya tatu ni 50 hadi Kakamega, na alasiri ni ya msitu. Ya nne, Kakamega hadi Eldoret kupitia Webuye, kisha Iten, kama kilomita 150. Ya tano unashuka Bonde la Kerio, unapanda Kabarnet na kuteremka tena Marigat na Ziwa Baringo, 115 hivi, fupi kwa hesabu lakini ndefu kwa saa. Ya sita ni kurudi kupitia Mogotio na Nakuru, kilomita 280. Watoto watavuka ikweta wakienda kaskazini kati ya Kisumu na Kakamega, waivuke tena wakirudi kusini pale Mogotio.

Baringo iwe mwisho kwa sababu ni nchi kavu. Baada ya siku tatu za kunyeshewa, taulo na viatu hukauka huko kwa adhuhuri moja. Tena breki na dereva huzoea miteremko midogo kwanza kabla ya ule mkubwa.

Mteremko huo mkubwa ni wa Iten kwenda Tambach. Iten iko kwenye meta 2,400 hivi, na daraja la mto Kerio liko zaidi ya meta 1,000 chini yake, njia ikijikunja kwenye ukuta wa mlima. Gari la kilo 1,800, pamoja na watu na mizigo, likishuka meta 1,000 linatoa joto la kutosha kuchemsha lita 50 za maji ya bomba. Joto hilo lazima liende mahali. Ukishuka kwa gea ya chini, injini na upepo hulibeba sehemu kubwa. Ukishuka kwa D huku mguu umelala juu ya breki, linaingia lote kwenye diski nne, na kutoka hapo kwenye mafuta ya breki.

Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, hata kama gari halitembei. Yale yaliyoandikwa DOT 3 kwenye chupa yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205; yakishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi 140. Ya DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke ukikanyagwa hubonyea. Ndiyo maana pedali huzama hadi sakafuni ilhali gari haliitikii. Yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili, si kuongezwa juu kwenye kikopo kama wanavyofanya wengi. Kama fundi anasema rangi yake ya kahawia ni ya kawaida, tafuta fundi mwingine.

Magari mengi yetu yanayotoka Japani ni ya otomatiki, na wenye nayo hawajui kitufe kidogo kilicho ubavuni mwa rungu la gea. Kibonyeze hadi taa ya O/D OFF iwake kwenye dashibodi. Gea ya juu imefungwa. Pakizidi kuinama, vuta rungu hadi 2, au S, au L, kulingana na gari. Kwenye haibridi ni B. Injini itanguruma na mama mkwe atauliza kimeharibika nini. Hakijaharibika kitu. Mwendo ukipanda kupita unaoutaka, kanyaga breki kwa nguvu sekunde chache, uuteremshe kilomita 10 kwa saa chini ya unaoutaka, kisha achia kabisa ili diski zipumue. Ukisikia harufu kama ya nguo iliyoungua kwenye pasi, ni pedi hizo. Tafuta mahali pana, egesha, ngoja nusu saa. Usimwage maji kwenye diski, zitapasuka au kupinda. Usivute breki ya mkono kwa nguvu zikiwa za moto. Weka P na kipande cha mbao au jiwe mbele ya gurudumu, upande wa mteremko, na ukiondoka usiache jiwe hilo barabarani.

Mandhari ya Bonde la Kerio kutoka Iten ni bora alasiri, jua likiwa mgongoni na milima ya Tugen ikiwaka ng'ambo. Asubuhi jua hukupiga usoni. Basi anayetaka picha aipige jioni ya kuamkia safari, mvua ikimwachia, na asubuhi ashike usukani tu. Aondoke saa tatu, ukungu ukishapanda. Kule chini simameni korongo la Cheploch, ambapo mto Kerio umejibana kati ya kuta mbili za mwamba. Vijana wa pale huruka majini. Watoto wenu watazame kutoka juu wakiwa wameshikwa mkono, maana mto una mamba.

Juu ya usalama wa upande huo niseme wazi. Wizi wa mifugo unasumbua sehemu za kaskazini za Bonde la Kerio na Baringo, hasa kuelekea Tiaty. Barabara kuu ya Iten, Kabarnet na Marigat ipitwe mchana tu, kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri, na mwenye nyumba ya wageni apigiwe simu siku hiyohiyo kuulizwa hali. Usipite Kampi ya Samaki kwenda kaskazini kwa sababu tu ramani ya simu imeonyesha njia.

Mteremko mwingine wa kuheshimiwa uko siku ya kwanza, kati ya Mau Summit na Salgaa. Mkienda mtakuwa mnapanda, malori yakija upande wenu yanashuka. Baadhi ya madereva wa trela huweka nyutro kuokoa dizeli, injini ikaacha kusaidia, na breki zikachoka kabla ya chini. Kwa gari dogo kanuni ni mbili. Usikae kati ya malori mawili kwenye mteremko, hata ikibidi kusimama dakika kumi yapite. Na unaposhuka, ukiona kwenye kioo trela linakuja kwa kasi huku magurudumu yakitoa moshi, usishindane nalo mbio. Toka kushoto nje ya lami mapema, liende. Hatari haiko kwa anayeendesha pekee. Juni 30, 2023 lori lililopoteza mwelekeo kwenye makutano ya Londiani liliua watu zaidi ya 50, wengi wakiwa wachuuzi na watu waliosimama kando ya barabara. Viazi na karoti za njiani ni vizuri, ila mnunue palipo tambarare au juu ya kilima, kamwe si chini ya mteremko, na watoto wabaki garini upande wa mbali na lami.

Ukungu mtaupata mara mbili, Limuru hadi Kinungi alfajiri ile mnayoondoka, na upande wa Mau Summit. Washa taa za chini. Taa kubwa hurudishwa na ukungu machoni pako. Taa za dharura ni za gari lililosimama. Ukiziwasha ukitembea, wa nyuma hajui kama unapinda au umekwama. Kioo kikifunika mvuke ndani, washa AC pamoja na hewa ya moto kukielekea. Hapa ndipo wengi hugundua kwamba fundi aliwatolea themostati, vali inayodhibiti joto la injini, miaka iliyopita, akidai injini ipumue. Bila themostati injini haifikii joto lake kwenye baridi ya mlimani, hewa ya moto haiji, kioo hakiwi safi, na petroli inakwenda bure. Irudishwe. Ikiwa iliondolewa kwa sababu gari lilikuwa likichemsha, basi dawa ni rejeta au feni, na hilo litengenezwe Nairobi, si Kabarnet. Kwenye rejeta itiwe kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, na kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa ya moto.

Tairi nalo halidanganyi. Ubavuni pana msimbo unaoanza na herufi DOT; tarakimu zake nne za mwisho, tuseme 2319, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likizidi miaka sita libaki mjini. Kina cha meno kikiwa chini ya milimita 3, kwenye mvua ya Kericho litateleza juu ya maji badala ya kuyakata. Upepo ujazwe tairi likiwa baridi, kwa kipimo cha gari lililojaa kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, si kwa kukisia kwa macho. Spea pia ipimwe. Huwa ndiyo tupu. Na mwenye kubadilisha rimu ahakikishe spana iliyo butini inaingia kwenye nati zake. Waipa mpya mbele na nyuma, pembetatu mbili nyekundu, tochi yenye betri nzima. Mizigo mizito ikae chini butini, mepesi kwenye keria. Keria ikijaa sana, upepo wa miinuko huyumbisha gari na mafuta hupanda.

Gari la injini ya cc 1500 linalokupa kilomita 13 kwa lita kwenye tambarare, hesabu 10 kwa mzunguko huu, yaani lita 95, na uweke 110 kwa sababu hamtaacha kupotea. Jaza tangi Eldoret.

Matuta ni habari nyingine. Kila soko lina lake, mengine hayana rangi wala bango. Dalili ni boda boda: ukiwaona wamepanga foleni kando ya njia, tuta haliko mbali. Kilomita 50 kwa saa ndicho kikomo cha kisheria sokoni, na ndicho pia kinachookoa shokomzoba.

Sasa watoto. Kiti cha mtoto kifungwe, na aliye mdogo asipakatwe mbele. Kichefuchefu hushika zaidi wanaotazama simu kwenye kona; simu ziwekwe, chakula cha asubuhi kiwe chepesi, uji au mkate mkavu, na yai la kukaanga lingoje. Dawa ya kichefuchefu, kwa ushauri wa mfamasia, humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kona, si baada ya kutapika. Mkishuka Tambach masikio yataziba. Mpeni kila mmoja peremende ya kunyonya. Mtoto mchanga amshwe mapema, msimame mahali salama anyonye, kwa kuwa aliyelala humeza mate mara chache na huamka akilia kwa maumivu. Nunueni pia pakiti moja ya krispi Nairobi, msiifungue. Ikifika Mau Summit itakuwa imevimba kama puto, na kule Marigat itakuwa imenywea kuliko mlivyoinunua. Ni somo la kanieneo la hewa lisilo na ada.

Msitu wa Kakamega ni masalia ya msitu wa mvua wa Afrika ya kati, una aina zaidi ya 300 za ndege. Sehemu ya kaskazini, Buyangu, iko chini ya shirika la wanyamapori, KWS. Ya kusini, Isecheno, chini ya huduma ya misitu. Njia za ndani Agosti ni tope, kwa hiyo gari dogo liishie langoni na mtembee na mwongozaji, suruali ndefu zimeingizwa ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Malipo ya KWS hufanywa kwa eCitizen. Yalipwe usiku mkiwa na mtandao mzuri, risiti ihifadhiwe simuni. Wanaotaka kuongeza siku moja waende Saiwa karibu na Kitale, hifadhi ya kilomita tatu hivi za mraba inayotembelewa kwa miguu, kumtafuta nzohe kwenye kinamasi. Mlima Elgon uachwe hadi Januari; udongo wake ukilowa hata gari la 4x4 hucheza.

Baringo na Bogoria, jihadhari na ramani za zamani. Maziwa haya yamepanda sana tangu miaka ya 2010 na kumeza barabara, pamoja na sehemu za njia ya chemchemi za moto za Bogoria. Ulizeni langoni. Maji ya chemchemi hizo yanakaribia kuchemka na ukingo wake ni wa udongo usioonyesha pa kukanyaga.

Kisumu, mtoto asiingize mguu ziwani, hata kina kikiwa cha vifundoni na wenyeji wanaogelea. Kichocho huingia kupitia ngozi nzima, bila kidonda, kutoka kwa konokono wadogo wa ufukweni, na kiboko naye yupo. Ngege wa kukaanga mtamla mkiwa mmeketi nchi kavu.

Lililo kubwa ni malaria. Mtoto wa Nairobi hana kinga yoyote, na mzunguko huu unapita ukanda wa ziwa wenye malaria mwaka mzima. Nendeni kwa daktari wiki mbili kabla. Dawa ya kinga ya atovakwoni na proguanili huanza siku moja au mbili kabla ya kuingia, kidonge kila siku, na huendelea siku 7 baada ya kutoka. Doksisaiklini huendelea wiki 4 na haifai watoto wa chini ya miaka 8. Beba chandarua chenu, kwa sababu cha nyumba ya wageni huwa na tundu la ukubwa wa ngumi. Vimelea huchukua siku 7 au zaidi kabla ya kuonyesha dalili, hivyo homa itawakuta mkiwa mmeshafika Nairobi, shule zimefunguliwa, na kila mtu anasema ni mafua ya baridi. Mtoto akichemka mwili wakati wowote ndani ya miezi mitatu, mpelekeni siku hiyohiyo, na kabla daktari hajauliza lolote mwambieni: tulilala Kisumu, apimwe damu.

Dereva mstaafu wa magari ya utalii,
Nairobi